Gari imepita MOT lakini karatasi imejaa maangalizo: kipi cha haraka, kipi kinasubiri

Wanaoishi Uingereza hili wanalijua. Unaenda kuchukua gari, unaambiwa imepita MOT (ule ukaguzi wa lazima wa gari wa kila mwaka), unashusha pumzi, halafu ukiangalia karatasi unakuta chini kuna mistari mitano sita, tairi inakaribia kuisha, bomba la breki lina kutu, bushi (ule mpira unaoshikilia vyuma vya saspensheni) imechoka, na hapo hapo mtu wa kaunta anakwambia tukikurekebishia vyote leo itakuwa pauni mia sita na kitu. Sasa imepita au imefeli? Imepita. Hiyo mistari ndiyo wanaita advaizori, mimi hapa nitaiita maangalizo, maana yake mkaguzi anakwambia hiki kitu leo kipo ndani ya sheria ila kinaelekea kubaya, kifuatilie.

Kinachonisikitisha ni kwamba wengi wetu tunafanya moja kati ya mambo mawili, ama unaogopa unalipia kila kitu hata kisichohitaji, ama unakunja karatasi unaitupa kwenye droo ya dashibodi mpaka mwaka ujao. Wa kwanza anapoteza hela, wa pili anaweza kupoteza maisha, na wote wawili wangesaidika kama wangejua kuusoma ule mstari na kuulinganisha na gari yenyewe inavyojisikia barabarani.

Kwanza karatasi yenyewe

Tangu tarehe 20 Mei 2018 kasoro zimegawanywa kwa uzito. Kuna ya hatari, hiyo gari haitakiwi kuendeshwa kabisa mpaka itengenezwe, kuna kubwa, nayo ni kufeli, kuna ndogo ambayo unapita lakini wanataka uitengeneze mapema, na mwisho kabisa ndio maangalizo, ambayo kwenye karatasi yameandikwa chini ya kichwa "Monitor and repair if necessary" (fuatilia, tengeneza ikibidi). Kwa hiyo kabla ya kupaniki angalia mstari wako upo chini ya kichwa kipi, watu wengi wanachanganya kasoro ndogo na maangalizo wakati kasoro ndogo ina uzito zaidi kidogo.

Upande nao muhimu. Nearside ni kushoto, upande wa ukingo wa barabara, offside ni kulia, upande wa dereva. Ukilijua hili fundi hawezi kukubadilishia tairi ya kulia wakati iliyoandikwa ni ya kushoto, na hii inatokea.

Halafu ile namba kwenye mabano mwisho wa mstari watu hawaiangalii kabisa na ndiyo inayosaidia. Tarakimu ya kwanza ni sura ya mwongozo wa ukaguzi: 1 ni breki, 2 usukani, 3 vioo na unavyoona nje, 4 taa na umeme, 5 ekseli, matairi na saspensheni, 6 bodi na chasisi, 7 vitu vingine kama mikanda, 8 ni kelele, moshi na kuvuja. Mimi nikipewa karatasi naanza na 1, 2, 5 na 6, zile nyingine nazisoma baadaye. Mwongozo wenyewe upo bure kwenye tovuti ya serikali, yeyote anaweza kufungua namba yake akasoma ni kiwango gani kingemfelisha.

Jambo lingine ujue mkaguzi haruhusiwi kufungua vitu. Anaangalia, anasukuma, anatikisa, anapima breki kwenye rola, basi. Injini yenyewe, klachi na giaboksi hazikaguliwi. Kwa hiyo karatasi safi haina maana gari haina ugonjwa, na karatasi yenye mistari sita haina maana gari imekufa.

Matairi: "worn close to legal limit"

Hili ndilo angalizo la kawaida kuliko yote. Sheria inataka meno ya tairi yawe angalau 1.6 mm kwenye robo tatu za katikati ya upana, kuzunguka tairi yote. Tairi mpya inakuja na kama 8 mm hivi. Mkaguzi akikuta 2 mm anakupitisha, anaandika angalizo, lakini miezi mitatu baadaye upo 1.5 na cheti chako cha MOT hakitakusaidia chochote ukisimamishwa, faini inaweza kufika pauni 2,500 na pointi 3 kwenye leseni kwa kila tairi. Kwa kila tairi. Mbili zikiwa kipara tayari una pointi 6, na kama leseni yako ya Uingereza haijafika miaka miwili, pointi 6 ni kunyang'anywa leseni.

Kupima nyumbani chukua sarafu ya peni 20, isimamishe ndani ya mfereji wa tairi. Kama ule ukingo wa nje wa sarafu unaonekana, meno yanaweza kuwa chini ya sheria, peleka ikapimwe. Pima sehemu kadhaa, sio moja.

Lakini hela ya tairi usiitoe kabla hujajua imelika vipi. Kata usukani mpaka mwisho, zima gari, weka hendibreki, inama uingize mkono nyuma ya tairi ya mbele na upapase ule ukingo wa ndani ambao ukiwa umesimama huuoni. Mara nyingi nje tairi inaonekana nzuri kabisa na ndani imebaki laini kama ngozi, wakati mwingine nyaya zinatokeza, na nyaya zikitokeza hilo sio angalizo tena ni hatari, usiendeshe (na papasa polepole, zile nyaya zinachoma). Sasa soma imelika wapi:

Imelika ukingo mmoja tu, wa ndani au wa nje, hiyo ni alaimenti (magurudumu hayajanyooka sawa), au kuna bushi au bolijointi (kiungo cha duara kinachoshika gurudumu) imelegea inaruhusu gurudumu kukaa upande. Imelika katikati, ulikuwa unajaza upepo mwingi. Imelika kingo zote mbili katikati imebaki, upepo mdogo. Imelika madoa madoa kama mawimbi, hapo angalia shokapu, au gurudumu halina balansi.

Ukiweka tairi mpya bila kutibu sababu, mwaka ujao karatasi itaandika mstari ule ule. Na kama tairi ina nyufa ndogo ndogo ubavuni, hiyo ni uzee na jua, haihusiani na meno, gari inayokaa sana bila kutembea inapata hivyo, na tairi ya hivyo mimi nisingeipeleka motorway.

Gari inagonga chini ukipita kwenye mashimo

Unasikia ko-ko-ko kwenye matuta ukiwa mwendo mdogo, ukiingia barabara laini inanyamaza. Karatasi yako pengine ina neno "bush worn but not resulting in excessive movement" (bushi imechoka ila haichezi kupita kiasi), au inataja anti-roll bar linkage, au ball joint. Vyote vipo sura ya 5.

Ile linki ya staba, yaani anti-roll bar linkage, ndiyo inayopiga kelele zaidi na ndiyo yenye hatari ndogo na bei ndogo, kazi ya nusu saa. Bushi ya mkono wa chini (chuma kinachoshika gurudumu kwa chini) kelele yake nzito zaidi, na dalili nyingine ni kwamba ukikanyaga breki unahisi kama mbele ya gari inasogea kidogo kabla ya kusimama, au usukani unahama ukipita kwenye mifereji ya malori. Bolijointi sasa hiyo usicheze nayo. Ikiwa imeandikwa kuna mchezo kidogo, itengeneze ndani ya wiki chache, sio miezi, kwa sababu ikichomoka gurudumu linalala na gari huidhibiti tena. Kama imeandikwa ni ile kava yake ya mpira tu imechakaa ila haijatoboka, una muda, ila ikishatoboka maji na mchanga vinaingia na jointi yenyewe haidumu.

Na hapa ndipo watu wanalipa mara tatu ugonjwa mmoja. Karatasi inasema: tairi ya mbele kushoto imelika ukingo wa ndani, bushi ya mbele kushoto imechoka, na pengine usukani haupo katikati. Hivyo sio vitu vitatu, ni kimoja. Bushi imechoka, gurudumu linakaa vibaya, tairi inalika. Kwa hiyo mpangilio ni bushi kwanza, halafu tairi, halafu alaimenti mwisho kabisa, na ukimkuta fundi anataka kukufanyia alaimenti kabla ya bushi mwambie hapana, kwa sababu itabidi ifanywe upya na utalipa tena. Ukiona maangalizo mawili matatu yapo kona moja ya gari, jiulize kwanza kama chanzo ni kimoja.

Springi ya koili yenye kutu ni jambo la kawaida sana Uingereza, majira ya baridi wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu na ile chumvi inakula chuma. Kutu ya juu juu sio shida. Ila springi ikikatika, na mara nyingi inakatika chini kabisa pale inapokalia, unasikia mlio mmoja mkubwa hasa asubuhi ya baridi, gari inainama kona moja, na kipande kinaweza kutoboa tairi. Hiyo ni kufeli. Zibadilishe mbili, kushoto na kulia, usibadilishe moja.

Breki

Hapa sina mjadala, angalizo lolote la sura ya 1 lipe kipaumbele.

"Brake pads wearing thin": pedi mpya ina kama milimita 10 au zaidi, chini ya 1.5 unafeli. Mkaguzi anaona kupitia matundu ya rimu tu, mara nyingi ile pedi ya nje, ya ndani inaweza kuwa imeisha zaidi. Pedi bei rahisi. Badilisha tu, usisubiri mlio wa chuma kwa chuma kwa sababu hapo utanunua na diski.

Diski "worn, pitted or scored" (imelika, ina vishimo au mikwaruzo) lakini haijadhoofika: sasa hii inategemea. Kama gari ilisimama wiki mbili kwenye mvua, diski inapata kutu ya juu, ukiendesha na kukanyaga breki mara kadhaa inang'aa tena, shwari. Lakini kama usukani unatetemeka ukikanyaga breki kutoka mwendo mkubwa, diski haiko sawa unene wake, badilisha pamoja na pedi.

Gari inavuta upande mmoja ukikanyaga breki, na karatasi inasema breki hazilingani kushoto na kulia: sababu kubwa ni kalipa (kile kinachobana pedi kwenye diski) imekwama au zile pini zake zimekauka. Endesha dakika ishirini hivi bila kutumia breki sana, simama, pitisha mkono karibu na kila rimu bila kugusa diski. Rimu moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, au inanuka kama kitu kinaungua, au ina vumbi jeusi jingi, ndiyo hiyo. Pini zikisafishwa na kupakwa grisi yake mapema huenda usinunue kalipa kabisa.

Na bomba la breki lenye kutu, jamani. Huu mstari unaonekana mdogo na watu wanauruka. Haya ni mabomba ya chuma membamba yanayopita chini ya gari kupeleka mafuta ya breki nyuma, yakiliwa na kutu mpaka theluthi moja ya unene wake imeondoka, ni kufeli. Tatizo bomba halivuji kidogo kidogo likakuonya, mara nyingi linapasuka siku ile umekanyaga breki kwa nguvu zote kwa sababu mtoto amekatiza barabara, yaani siku unayoihitaji kuliko zote. Kama neno lililoandikwa ni kutu kidogo, omba fundi aisafishe na kuipaka kinga na umwambie akuoneshe. Kama mwaka jana iliandikwa kidogo na mwaka huu limeongezeka neno, badilisha bomba. Pedali ikianza kuzama taratibu ukiwa umesimama kwenye taa, au chupa ya mafuta ya breki inapungua, usiendeshe gari, ita fundi aje au ivutwe.

Kutu ya bodi na chasisi

Kutu pembezoni mwa mlango ni sura tu. Kutu ndani ya sentimita 30 kutoka pale mkanda, saspensheni au usukani unapofungwa ndiyo inayofelisha, kwa sababu hicho ndicho chuma kinachokushika ukigonga. Angalizo la kutu chini ya gari linamaanisha haijafika huko ama haijadhoofika, lakini kutu hairudi nyuma, na kuchomelea mapema sehemu ya kiganja ni rahisi mara nyingi kuliko kuchomelea silo nzima (ule ubavu wa bodi chini ya milango).

Ukikuta mkaguzi ameandika kwamba chini kumepakwa lami nyingi nyeusi, anakwambia hakuona chuma chenyewe. Kwa gari yako uliyopaka mwenyewe kama kinga hamna neno. Kwa gari unayotaka kununua iliyopakwa wiki moja kabla ya kuuzwa, mimi ningeondoka.

Kuvuja

"Oil leak, but not excessive". Weka kadibodi safi chini ya injini usiku kucha. Matone ya kahawia au meusi ni oili ya injini, mara nyingi gasketi ya kava ya juu imekauka na oili inateremka, angalia kijiti cha oili kila wiki na kama haishuki unaweza kusubiri. Mekundu kwenye gari ya automatiki ni oili ya giaboksi, hiyo usichelewe. Pinki, kijani au bluu yenye harufu tamu ni maji ya rejeta. Maji matupu majira ya joto ni ya AC, achana nayo. Na ukikuta unyevunyevu wa mafuta upande wa ndani wa gurudumu, ama ni breki inavuja ama shokapu, gari isitoke kabla hujajua ni kipi.

Mistari ambayo sio ugonjwa

Kuna maangalizo mkaguzi anaandika kueleza tu alichoshindwa kuona. Kuna plastiki chini ya injini inaziba, au kiti cha mtoto kimefungwa kwa hiyo mkanda haukukaguliwa vizuri. Hulipi kitu. Mwakani toa kiti cha mtoto kabla ya kwenda. Taa iliyoingia ukungu, wipa inayoacha mistari, hivi ni vya kujifanyia mwenyewe Jumamosi.

Gereji inakukomalia ulipie vyote leo

Hakuna sheria inayokulazimisha kutengeneza maangalizo, wala kuyatengenezea hapo hapo. Mwambie tu, "Asante kaka, nitafikiria, naomba unioneshe," halafu simama chini ya gari wakiwa wameiinua akuoneshe bushi yenyewe na bomba lenyewe. Fundi mkweli atakuonesha kwa furaha. Kuna vituo vya MOT vya halmashauri za miji vinavyopokea magari ya wananchi na kawaida havifanyi matengenezo ya watu, kwa hiyo hawana faida wakikuandikia kasoro, kama mji wako unacho kitumie. Bei ya juu kabisa ya kupima gari ya kawaida ni pauni 54.85, na unaweza kupima mwezi mmoja kasoro siku moja kabla ya cheti kuisha bila kupoteza tarehe yako, huo mwezi utumie, unakupa nafasi ya kutafuta bei kwa utulivu.

Na kama umenunua gari juzi ina MOT mpya halafu fundi wako anakuta kitu ambacho kingefelisha, unaweza kulalamika kwa DVSA (wakala wa serikali unaosimamia MOT), ndani ya siku 28 kwa kasoro za kawaida na miezi 3 kwa kutu. Usiitengeneze kabla hawajaiona.

Soma miaka yote, sio karatasi moja

Andika namba ya pleti kwenye ukurasa wa serikali wa historia ya MOT, ni bure, unaona majibu tangu 2005 pamoja na maili za kila mwaka. Angalizo linalojirudia miaka mitatu kwa maneno yale yale ama halijaguswa ama halina kasi. Linalopanda kutoka kidogo kwenda zaidi lina kasi, hilo ndilo la hela yako ya kwanza. Na lililopotea ghafla bila mwenye gari kuwa na risiti, uliza.

Hili linawahusu hata wanaonunua gari za Uingereza wakiwa Nairobi, Kampala au Dar, kwa sababu usukani upo kulia na nyingi zinaishia kwetu. Kenya inataka gari isizidi miaka 8, na Uingereza MOT ya kwanza ni gari ikifika miaka 3 (Ireland ya Kaskazini miaka 4), kwa hiyo gari ya hivyo inaweza kuwa na kumbukumbu nne hata tano za kusoma kabla hujatuma hela. Uganda ambako mwisho ni miaka 15 utakuta zaidi. Linganisha maili za mwisho na picha ya dashibodi, kumbuka maili moja ni kilomita 1.6, na kama mwaka mmoja zimepanda halafu mwaka uliofuata zimeshuka basi geji imechezewa au mtu alikosea kuandika, muuzaji aeleze. Tafuta sana mistari ya kutu, ile chumvi ya miaka sita inasafiri na gari, na barabara zetu za mashimo zitamaliza kilichobaki kwenye springi na bushi. Yote hayo unayaona kwa namba ya pleti ya Uingereza peke yake, na muuzaji anayekataa kukutajia hiyo namba, achana na gari yake.